Mlo wa Jamaa na Fungu la Mtoto Mdogo

Fikiri kwamba ni jioni. Ugali umeiva. Mama ameupakua katika sinia, na kando yake ameweka bakuli la maharage na bakuli la mchicha. Mmekaa mkekani, wewe pamoja na kaka zako, dada zako na mdogo wenu mwenye umri wa miaka miwili. Mmenawa, mmeanza kula. Baada ya muda mfupi sinia ni tupu. Wewe umeshiba. Kaka zako na dada zako wameshiba. Je, mdogo wenu naye ameshiba?

Watu wengi watajibu upesi, "Naam, ameshiba. Si alikuwa akila pamoja nasi?" Lakini kukaa mbele ya sinia si sawa na kushiba. Mtoto mdogo aweza kukosa chakula cha kutosha ndani ya nyumba yenye chakula. Katika sura hii tutachunguza sababu za jambo hilo. Utajifunza pia mambo ambayo wewe mwenyewe waweza kuyatenda ili kila mtu katika nyumba yenu ale chakula bora.

KAZI TATU ZA CHAKULA

Kabla ya kuchunguza sinia, hebu tukumbuke kwanza kazi za chakula mwilini. Kazi hizo ni tatu.

Kwanza, chakula hutupa nguvu na joto. Vyakula vya wanga kama mahindi, mtama, ulezi, mchele, muhogo, viazi na ndizi za kupika hufanya kazi hiyo. Mafuta nayo hutupa nguvu. Gramu moja ya wanga huupa mwili kilokalori 4 hivi, lakini gramu moja ya mafuta huupa kilokalori 9 hivi. Kwa hiyo mafuta kidogo yana nguvu nyingi. Likumbuke jambo hili, maana tutalihitaji baadaye.

Pili, chakula hujenga mwili. Maharage, kunde, choroko, karanga, samaki, dagaa, nyama, maziwa na mayai vina protini kwa wingi. Yai moja la kuku lina protini zipatazo gramu 6. Mtu mzima huhitaji protini ili kutengeneza upya sehemu za mwili zilizochakaa. Mtoto huzihitaji kwa kazi hiyo na kwa nyingine kubwa zaidi, nayo ni kukua.

Tatu, chakula hulinda mwili. Mboga za majani na matunda vina vitamini na madini. Mchicha, matembele, maembe na mapapai hutusaidia kupata vitamini A, ambayo hulinda macho na kuusaidia mwili kupigana na maradhi. Mapera na machungwa yana vitamini C. Dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao hutupa kalisi, yaani madini yanayoimarisha mifupa na meno.

Mlo uliokamilika huwa na vyakula vya kazi zote tatu. Hauhitaji kuwa mlo wa gharama kubwa. Tazama makande. Protini ya mahindi peke yake ina upungufu, na protini ya maharage peke yake ina upungufu wa namna nyingine. Yanapopikwa pamoja, kila kimoja hujaza pengo la mwenzake. Ukila makande pamoja na mboga za majani zilizoungwa kwa mafuta kidogo, kisha ukala pera, umepata mlo bora.

KWA NINI MTOTO MDOGO HUPUNJIKA

Sasa turudi kwenye sinia letu. Chakula kilichomo ni kizuri: ugali, maharage na mchicha. Kwa nini basi mtoto mdogo aweza kuondoka na njaa? Zipo sababu nne.

Sababu ya kwanza ni mikono. Mkono wa mtoto wa miaka miwili ni mdogo, na bado haujazoea kufinyanga tonge. Mara nyingine tonge humponyoka likaanguka mkekani. Ugali ukiwa wa moto, humbidi angoje upoe, ilhali wakubwa hawangoji.

Sababu ya pili ni meno. Meno ya utotoni ni 20, nayo aghalabu hukamilika mtoto afikapo umri wa kati ya miaka miwili na nusu na mitatu. Mtoto asiyekuwa na magego yote hutafuna polepole. Kipande cha nyama ambacho wewe hukimaliza mara moja, yeye hukizungusha kinywani muda mrefu.

Sababu ya tatu ni tumbo. Tumbo la mtoto mdogo ni dogo. Mtoto wa umri wa kati ya mwaka mmoja na miwili hutoshwa na chakula cha robo tatu ya kikombe hadi kikombe kimoja chenye ujazo wa mililita 250 kwa mlo mmoja. Akila mara mbili tu kwa siku kama wafanyavyo watu wazima wengi, hawezi kupata chakula kinachomtosha hata kama sinia limejaa.

Sababu ya nne ni desturi ya kugawa kitoweo. Katika nyumba nyingi minofu huwafikia wakubwa kwanza. Firigisi ya kuku huwekwa kwa ajili ya baba, na watoto huachiwa mchuzi. Katika sehemu mbalimbali za Afrika, watoto na hata wanawake wajawazito walikuwa wakikatazwa kula mayai. Mchuzi una ladha ya nyama, lakini protini nyingi zimebaki katika nyama yenyewe. Hivyo yule anayekua ndiye apataye sehemu ndogo kabisa ya chakula cha kukuza.

JARIBIO LA 1: KUHESABU MATONGE

Mwanasayansi hasemi tu, hupima. Wewe nawe waweza kupima.

Mtakapokula pamoja, mtazame mdogo wako kwa muda wa dakika tano. Hesabu kimoyomoyo matonge anayokula. Kisha hesabu matonge unayokula wewe kwa muda uo huo. Angalia pia tonge lake na lako. Ni lipi kubwa? Kubwa mara ngapi? Usiitangaze hesabu yako wakati wa kula, wala usimcheke mtu. Iandike katika daftari lako baada ya mlo.

Tuseme umehesabu ukaona kwamba wewe umekula matonge manne kila alipokula yeye tonge moja, na kwamba tonge lako ni kubwa mara mbili kuliko lake. Umekula kiasi gani ukilinganishwa na yeye? Zidisha 4 kwa 2. Umekula mara nane. Ni kweli kwamba mwili wako ni mkubwa na unahitaji chakula zaidi kuliko wake. Lakini je, ni mkubwa mara nane? Wewe huna nia ya kumpunja mdogo wako. Sinia ndilo linalompa zaidi yule aliye na mkono mwepesi.

UGONJWA ULIOPEWA JINA NA AKINA MAMA

Mtoto akipunjika kwa siku moja, hulia na kesho yake hucheka. Akipunjika kwa miezi mingi, hupata utapiamlo. Hukonda au hudumaa, yaani huwa mfupi kuliko anavyopaswa kuwa. Huugua mara kwa mara, na baadaye masomo huweza kumwia magumu.

Aina moja ya utapiamlo huitwa kwashakoo. Mtoto mwenye kwashakoo huvimba miguu, na mara nyingi uso pia. Nywele zake hubadilika rangi na kunyonyoka kwa urahisi, ngozi hubanduka, naye hupoteza furaha wala hataki kucheza. Watu wasiojua, wakiona mashavu yale yaliyovimba, hudhani kwamba amenenepa. Kumbe ni mgonjwa sana, na asipopelekwa upesi kwenye zahanati au kituo cha afya aweza kufa.

Jina hilo limetoka katika lugha ya Kiga inayosemwa nchini Ghana. Miaka ya 1930, daktari mmoja aitwaye Cicely Williams alikuwa akiwatibu watoto katika nchi hiyo, ambayo wakati ule iliitwa Gold Coast. Aliwauliza akina mama ugonjwa huo waliuitaje. Walimwambia ni kwashiorkor, maana yake ugonjwa unaompata mtoto wakati mdogo wake anapozaliwa. Mwaka 1935 alilitumia jina hilo katika jarida la madaktari liitwalo The Lancet, na tangu hapo limejulikana duniani kote.

Litafakari jina hilo. Akina mama wale walikuwa wameona jambo la kweli. Mtoto aliyekuwa akinyonya huachishwa ziwa kwa sababu amezaliwa mwingine. Maziwa yenye protini humwondokea, naye huingizwa kwenye sinia la wakubwa, ambako chakula chake ni uji mwepesi na matonge machache ya wanga. Leo wataalamu wamegundua kwamba upungufu wa protini si chanzo pekee cha kwashakoo. Maradhi kama kuhara na surua nayo huchangia. Hata hivyo, mtoto aliyeachishwa ziwa na kukosa fungu lake la chakula bado yumo hatarini.

Nchi yetu imepigana na utapiamlo kwa miaka mingi. Mwaka 1973 ilitungwa sheria ya kuunda Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka 1975 ilifanyika kampeni ya Chakula ni Uhai, ambapo watu wazima walikutana katika vikundi kusikiliza vipindi vya redio na kujadili habari za chakula. Katika miaka ya 1980, wanavijiji wengi wa Mkoa wa Iringa walikuwa wakiwapima uzito watoto wao wadogo na kuyazungumza matokeo wao wenyewe. Hata hivyo, hakuna taasisi wala redio inayoweza kukaa mkekani kwenu kila jioni. Wewe upo.

KUGAWA CHAKULA KWA HAKI

Kula pamoja ni desturi njema, nasi hatutaki kuiacha. Yatupasa kuitengeneza tu. Dawa yake ni rahisi: mtoto mdogo apewe sahani yake mwenyewe.

Chakula chake kipakuliwe kwanza, kabla wakubwa hawajaanza. Awekewe ugali au wali, maharage au kitoweo kingine, na mboga za majani. Nyama na samaki vichambuliwe, miiba na mifupa iondolewe, kisha vikatwekatwe vipande vidogo. Maharage yapondwe kama bado hana meno ya kutosha. Halafu aketi pale pale mkekani pamoja nanyi, mtu mkubwa akimwangalia na kumsaidia. Kwa njia hii anakula pamoja na jamaa, lakini hashindani na jamaa. Tena mama aweza kuona kwa macho yake ni kiasi gani amekula na kiasi gani amebakiza. Penye sinia moja jambo hilo haliwezekani kuonekana.

Iwapo nyumba haina sahani ya ziada, kibakuli kidogo au kifuniko safi cha sufuria chafaa.

TUMBO DOGO HUJAZWA MARA NYINGI

Kwa kuwa tumbo la mtoto mdogo hujaa upesi, yafaa apewe chakula mara nyingi. Mtoto mchanga hunyonya maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi sita. Baada ya hapo huanza kupewa chakula, huku akiendelea kunyonya mpaka afikishe miaka miwili au zaidi. Afikapo miezi tisa, yampasa kula mlo mara tatu au nne kwa siku, na katikati apewe kitu kidogo kama ndizi mbivu, kipande cha papai au kiazi kitamu.

Chakula chenyewe kisiwe maji matupu. Uji mwepesi hujaza tumbo upesi, lakini sehemu yake kubwa ni maji. Uji uliotiwa karanga zilizopondwa, maziwa, unga wa dagaa au kijiko kidogo cha mafuta una nguvu nyingi zaidi katika kikombe kile kile. Sasa unaelewa kwa nini tulisema ukumbuke habari ya mafuta.

Lakini kuna shida. Uji mzito humshinda mtoto kumeza. Mama akiongeza maji ili uwe laini, tumbo litajazwa maji. Afanyeje? Zipo jamaa zinazotumia kimea. Ulezi huloweshwa usiku mmoja, hufunikwa mahali penye unyevu mpaka uote, huanikwa juani ukauke, hupekechwa ili machipukizi na vimizizi viondoke, kisha husagwa. Ulezi ulioingia ukungu hutupwa, maana una sumu.

JARIBIO LA 2: KULAINISHA UJI BILA MAJI

Vifaa: uji mzito sana wa mahindi, mabakuli mawili, vijiko viwili, unga wa kimea cha ulezi, na unga wa ulezi ambao haukuoteshwa.

Mwalimu atapika uji mzito kiasi cha kuweza kusimamisha kijiko. Uache upoe mpaka uwe wa vuguvugu. Gawanya uji huo sawasawa katika bakuli A na bakuli B. Katika bakuli A tia kijiko kimoja cha unga wa kimea. Katika bakuli B tia kijiko kimoja cha unga wa ulezi usiooteshwa. Koroga vyote viwili, kisha ngoja dakika kumi.

Unaona nini? Uji wa bakuli A umelainika na waweza kunyweka. Uji wa bakuli B ungali mzito. Mbegu inapoota hutengeneza kimeng'enya, yaani kitu kinachouvunjavunja wanga kuwa sukari. Mate yako yana kimeng'enya cha namna hiyo. Tafuna kipande cha ugali kwa muda mrefu bila kumeza, nawe utasikia utamu. Kumbuka kwamba uji wa kimea haupewi mtoto hivi hivi. Hurudishwa jikoni ukachemka tena, ili vijidudu vilivyo katika unga mbichi vife.

DESTURI NJEMA WAKATI WA KULA

Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Watu wote wakinawa katika bakuli moja, wa mwisho hunawa uchafu wa waliomtangulia, na mara nyingi huyo wa mwisho ni mtoto mdogo. Ni afadhali mmoja amimine maji kwa kata au birika huku wengine wakinawa.

Usinywe chai pamoja na mlo. Chai huuzuia mwili kupata sawasawa madini ya chuma yaliyo katika mboga na maharage, ambayo huhitajiwa katika kutengeneza damu. Ngoja muda wa saa moja hivi. Badala yake kula chungwa, pera au embe, kwa maana vitamini C huusaidia mwili kuyapata madini hayo.

Usipike mboga za majani mpaka ziive kupita kiasi, wala usimwage maji yake, maana vitamini nyingine hupotea. Kisamvu hakimo katika kanuni hii. Hicho hapana budi kitwangwe na kuchemshwa muda mrefu, ili sumu iliyomo iondoke.

Usile peremende wala usinywe soda karibu na wakati wa chakula. Sukari yake hukata hamu ya kula na huozesha meno.

Mwisho, jihadhari na mfano unaoutoa. Mtoto mdogo hujifunza kula kwa kuwatazama wakubwa, na kwake yeye wewe ni mkubwa. Ukiisukuma mchicha kando na kukunja uso, kesho naye ataisukuma. Ukiila kwa furaha, ataionja. Mtoto akikataa chakula kigeni, asipigwe wala asilazimishwe. Apewe tena siku nyingine, kidogo kidogo. Huenda akakionja mara kumi au zaidi kabla ya kukizoea.

KAZI YAKO NYUMBANI

Pengine utauliza, "Mimi ni mtoto. Nitawezaje kuwafundisha wazazi wangu namna ya kugawa chakula?" Hutakiwi kuwafundisha wala kuwakosoa. Wao ndio wanaokilima na kukitafuta chakula hicho, nao wanajua mengi usiyoyajua. Ngoja wakati mzuri, useme kwa adabu, "Mama, leo tumejifunza shuleni habari ya chakula cha watoto wadogo. Naomba nimpakulie mdogo wangu katika sahani yake, nami nitamsaidia kula." Ni mzazi gani atakayekataa ombi la namna hiyo?

Na siku wazazi watakapokuwa shambani au kazini, nawe ukaachiwa chungu na wadogo zako, kumbuka hesabu ya matonge. Siku hiyo mwenye mkono mwepesi ni wewe, na mwenye kugawa pia ni wewe.

MAZOEZI

1. Taja kazi tatu za chakula mwilini. Kwa kila kazi, taja vyakula vitatu vipatikanavyo katika kijiji au mtaa wenu.
2. Eleza kwa nini makande hujenga mwili vizuri kuliko mahindi peke yake.
3. Taja sababu nne zinazofanya mtoto mdogo apunjike penye sinia moja.
4. Mtoto mwenye kwashakoo aweza kudhaniwa kuwa amenenepa. Kwa nini? Utamtambuaje?
5. Katika jaribio la 2, kwa nini tulitumia bakuli B?
6. Andika mlo wa siku nzima unaofaa mtoto wa miaka miwili. Tumia vyakula vya kwenu tu. Onyesha atakula mara ngapi na atakula nini kila mara.
7. Kwa muda wa wiki moja, mpakulie mdogo wako au mtoto wa jirani katika sahani yake, kwa idhini ya mzazi wake. Kila siku andika alichokula na alichobakiza. Mwishoni mwa wiki, mweleze mwalimu na wenzako mambo uliyoyaona.